Runinga Saa ya Kukama

Jioni katika maboma mengi ya Soy, kutoka Kuinet hadi Ziwa, saa ya kukama ndiyo saa ya katuni. Mzazi yuko zizini, ugali haujasongwa, na mtoto wa miaka mitatu ametulia mbele ya runinga. Hatumlaumu mzazi huyo. Afadhali mtoto akae na katuni kuliko kuzungukazunguka jikoni penye moto. Tunachouliza ni hiki: maziwa yakishachujwa, nani atakaa naye?

Vipindi vizuri vipo. Kipindi cha Akili and Me hutengenezwa na Ubongo, shirika la Dar es Salaam, na watafiti waliowapima watoto wa Morogoro waliona kwamba waliokitazama walipiga hatua kuliko wenzao katika kuhesabu, kuchora na kutambua maumbo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Hapa Kenya, stesheni ya Akili Kids! ilianza kurusha matangazo 2020, mwaka ambao korona ilifunga shule.

Ila watoto wale wa Morogoro walikuwa wa umri wa chekechea. Kwa mtoto ambaye hajafika miaka miwili, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 asiwekwe mbele ya runinga wala simu. Wa miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wengi hudhani shida ni macho tu, lakini kuna zaidi. Mtoto mdogo hujifunza kuongea kwa kujibiwa. Akinyoosha kidole kwa ndama, kogo (nyanya yake) humtajia jina, humngoja, humcheka akikosea. Katuni haimngoji mtu.

Kwa hiyo saa ile moja itumieni vizuri. Kaa naye hata dakika chache za mwisho, umuulize nani alifanya nini. Kama wamehesabu hadi tano, na ahesabu magunzi ya mahindi uani. Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani, iwe Kinandi, Kikeiyo au Kibukusu. Kiswahili na Kiingereza cha kwenye runinga havitapotea kwa sababu hiyo.

Runinga inayotutia wasiwasi zaidi ni ile isiyotazamwa na mtoto kabisa. Imewashwa tangu asubuhi kwa habari, jioni kwa mechi, naye anacheza sakafuni. Kila kelele humkatiza mchezo, na watu wazima nao huongea naye kidogo kuliko kawaida. Kama hakuna anayetazama, zima. Zima wakati wa kula, na mapema kabla ya kulala, maana mtoto wa miaka mitatu anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13.

Jambo jingine dogo lakini la hatari: runinga iliyowekwa juu ya meza nyembamba humwangukia mtoto anayepanda. Ifungeni ukutani, na nyaya za umeme au sola zipite asikofikia.

Mtoto akifika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au haitiki akiitwa, msiseme atajifunza kwa katuni. Fungueni kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kurasa za hatua za ukuaji, kisha mzungumze na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu au mmpeleke zahanati, apimwe masikio kwanza. Msingoje aingie shule ya awali (PP1).