Baba au Dada? Majaribio ya Macho na Masikio kwa Jumamosi Moja Mwihoko

Tafuta kwanza daftari lenye mistari, kalamu ya wino mweusi, mpira wa maji wa mita mbili hivi, leso nyekundu na leso ya buluu, pamoja na watoto wawili watatu wasionuna wakikosea. Mpira ni ule ule wa kujazia mitungi siku maji yanapofunguliwa, hakuna haja ya kununua mwingine.

Mimi huyafanya majaribio haya na wanangu na wa jirani kwa sababu ya barabara. Jioni ukishuka matatu ya kutoka Githurai 45, unavuka kwa kuyaamini macho na masikio, na yote mawili yana kawaida ya kukisia. Ubongo hupokea vipande, hujaza mapengo wenyewe, kisha hukukabidhi picha nzima kana kwamba yote imetoka nje. Mara nyingi haukosei. Leo tunautafutia pale unapokosea.

Hatua ya 1: Poteza doa

Kwenye ukurasa wa daftari chora msalaba mdogo upande wa kushoto. Pima sentimita 8 kwenda kulia, uchore doa jeusi kama punje ya maharagwe. Funika jicho la kushoto kwa kiganja, na kwa jicho la kulia ukazie msalaba. Usilifuate doa. Nyoosha mkono, kisha uvute daftari polepole kuja usoni. Likifika kama sentimita 30, doa litatoweka. Ukiendelea kuvuta, litarudi.

Mtoto wangu mdogo aligeuza ukurasa kutazama kama doa limehamia nyuma. Halikuenda popote. Mahali mshipa wa neva unapotokea nyuma ya jicho hapana seli za kupokea mwanga, jambo ambalo Mfaransa Edme Mariotte alilieleza katika miaka ya 1660. Sasa rudia, na safari hii chunguza mistari ya daftari pale doa lilipokuwa. Hutaona shimo. Mistari inapita moja kwa moja, kwa sababu ubongo umeichora. Mita 20 kutoka kwako, eneo hilo lina upana wa karibu mita mbili: bodaboda na abiria wake wanaenea. Kwa kawaida jicho la pili hukufidia, ndiyo maana sipendi kuona mtoto akivuka huku kofia ya jaketi imemfunika jicho moja.

Hatua ya 2: Gonga mpira

Hii ndiyo watoto huigombania. Weka alama ya kalamu katikati kabisa ya mpira. Mmoja akae akikupa mgongo, ashike ncha mbili za mpira kwenye masikio bila kuzisukuma ndani, mpira wenyewe uning'inie nyuma yake. Gonga kwa kalamu, taratibu. Mwenzako asipige kelele ndani ya mpira. Sikio halina spea.

Anza mbali na alama, naye aseme kushoto au kulia. Sogea karibu kidogo kidogo. Ukigonga sentimita 2 tu pembeni ya alama, wengi bado hupata. Piga hesabu: sauti imesafiri sentimita 4 zaidi kufikia sikio moja, na kwa mwendo wa mita 340 kwa sekunde, hiyo ni tofauti ya karibu sehemu moja ya 8,500 ya sekunde. Mtoto hajui kwamba amepima kitu. Anasema tu, “Kushoto.”

Sasa weka mpira kando. Afumbe macho, nawe ugonganishe sarafu mbili: mbele ya pua yake, kisha kisogoni, kisha juu ya utosi. Hapo utamsikia akibabaika. Sauti ya mbele na ya nyuma hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kipimo kile cha wakati hakifai kitu. Kinachobaki ni mikunjo ya sikio la nje, inayobadilisha sauti kidogo kulingana na inakotoka. Honi ya bodaboda ikilia katikati ya nyumba za ghorofa, ambako kila ukuta unairudisha, ndipo unaona mtu akiruka upande ule ule pikipiki inakokwenda. Mafunzo ni rahisi: ukisikia honi, geuza kichwa kwanza, miguu baadaye. Kichwa kikigeuka, masikio hupata tena tofauti ya wakati.

Hatua ya 3: Baba, gaga, dada

Mtu mmoja asimame mbele akichezesha midomo kama anayesema “gaga”, bila sauti. Wa pili ajifiche nyuma yake na kusema “baba” sambamba naye. Itawabidi wafanye mazoezi, wasipishane. Msikilizaji akitazama midomo, huenda akasikia “dada”. Akifumba macho, dada anageuka baba. Harry McGurk na John MacDonald walilitangaza jambo hili mwaka 1976 kwa silabi hizi hizi. Si kila mtu hunaswa. Mama mmoja jirani alisikia baba mwanzo hadi mwisho, akatushangaa sisi.

Hatua ya 4: Saa ya leso

Subiri jioni. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza halikawii. Anika leso zote mbili kwenye kamba saa kumi na mbili, nyekundu ikiwa ndiyo inayong'aa zaidi. Zitazame kila dakika tano. Nyekundu itaanza kuwa nyeusi wakati buluu bado inaonekana. Mcheki Jan Purkyně aliliona hili mwanzoni mwa karne ya 19: mwanga ukififia, jicho hukabidhi kazi kwa seli za usiku, ambazo karibu hazioni wekundu. Sweta nyekundu uliyomvalisha mtoto ili aonekane, saa moja usiku haimsaidii.

Kisha simameni mbali na lami, mtazame taa. Gari likija, jicho hupima pengo kati ya taa mbili: linavyopanuka, ndivyo gari linavyokaribia. Taa moja haina pengo la kupimwa.

Jumamosi iliyopita tuliona taa moja ikitoka upande wa Githurai. Nikawaambia wanipe jibu kabla haijafika. “Bodaboda,” akasema mkubwa, “na bado iko mbali, tungevuka.” Mdogo akakubali. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika nne, lori la mawe lenye taa moja iliyokufa likatupita, vumbi likatuingia mdomoni, na mdogo akaniuliza kama tunaweza kurudia.