SAMAKI WA BAHARI ANAKULA NINI, NA NANI ANAMLISHA?



Ndugu waumini, wanaume kwa wanawake, somo letu la Ijumaa hii linatoka sokoni. Nyumba nyingi za kwetu zinapika thomson, yule samaki wa barafu anayefika katika makartoni. Tunauliza bei, tunatazama macho yake, tunampasua tumbo na kumsafisha. Lakini ni wachache wanaouliza: samaki huyu alikula nini alipokuwa hai? Na wale wanaofugwa baharini, ambao leo dunia inawategemea sana, wanalishwa nini, na chakula hicho kimetolewa kwenye sahani ya nani?

Swali hili lina mambo matatu ndani yake: jambo la elimu, jambo la haki ya maskini, na jambo la halali. Tulitazame moja moja.

1. MEZA YA BAHARI

Huku nchi kavu mbuzi anakula majani na mtu anakula mbuzi. Baharini ngazi ni ndefu zaidi. Mimea mingi ya bahari ni vijimea vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Vinaelea karibu na uso wa maji na kuishi kwa mwanga wa jua. Vijimea hivyo vinaliwa na vijidudu na vikamba vidogo. Vikamba vinaliwa na samaki wadogo kama sardini na anchovi. Samaki wadogo wanaliwa na samaki wakubwa kama jodari, na ndege wa bahari, na sili, na mwisho mwanadamu.

Katika kila ngazi sehemu kubwa ya chakula inapotea, kwa sababu mnyama anaitumia kuogelea, kupumua na kuishi. Wanasayansi wanakadiria kwamba katika kilo 10 zinazoliwa, kilo 1 hivi tu ndiyo inayogeuka kuwa mwili wa yule aliyekula. Ndiyo maana sardini ni wengi na papa ni wachache.

Lakini si kila mkubwa anakula wakubwa. Nyangumi wa buluu, ambaye ndiye mnyama mkubwa kuliko wote duniani, chakula chake ni vikamba vidogo. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mmoja anaweza kumeza tani 16 kwa siku katika msimu wa kula. Kasa wa kijani akiwa mtu mzima anakula zaidi nyasi za bahari. Chaza na kome hawatembei kutafuta chakula: wanachuja maji na kubakiza vijimea vilivyomo.

Na thomson wetu? Wengi wanaofika Kongo wanavuliwa katika bahari ya Namibia. Ni samaki wa porini, hakuna mtu aliyemlisha. Chakula chake kikubwa ni vile vikamba na vijidudu vya maji.

2. NGAZI IKIVUNJIKA: MFANO WA NAMIBIA

Bahari hiyohiyo ya Namibia inatupa somo. Zamani ilijaa sardini. Mwaka 1968 walivuliwa karibu tani milioni 1.4. Sehemu yao ilitiwa katika mikebe, na nyingi ilisagwa kuwa unga wa kulisha mifugo na mafuta. Baada ya hapo sardini waliporomoka, na hata leo hawajarudi kama walivyokuwa. Mwaka 2018 serikali ya Namibia ililazimika kufunga uvuvi wao.

Tazameni kilichofuata. Nafasi ya sardini ilichukuliwa na yavuyavu, yule kiumbe laini wa utelezi anayewasha ngozi, na samaki wengine wadogo wasio na mafuta mengi. Kuna ndege wa pwani ile anayeitwa pengwini, haruki bali anaogelea, na sardini walikuwa chakula chake. Alibaki kula samaki asiye na nguvu, makinda yakakosa shibe, na hesabu ya pengwini ikashuka sana. Pengwini hakuvuliwa na mtu, aliondolewa chakula tu.

Hivyo aliyevunja ngazi ya katikati amewaumiza wa juu, na wa chini amewavuruga. Tulishike neno hili tunapoingia katika ufugaji.

3. WANAOFUGWA WANALISHWA NINI?

Shirika la FAO linaeleza kwamba mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, wanyama wa majini waliofugwa walizidi waliovuliwa: tani milioni 94.4 kwa tani milioni 91. Hesabu hiyo inachanganya maziwa, mabwawa, mito na bahari. Kwa hiyo chakula cha mifugo ya majini si jambo dogo tena.

Mifugo hiyo tuigawe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni wale wasiohitaji kuondolewa samaki wengine. Kome na chaza wanafungwa kwenye kamba au vyanja, na bahari yenyewe inawalisha. Katika pwani ya Tanzania na Kenya anafugwa mwatiko katika mabwawa ya maji ya chumvi, naye anakula zaidi ukoga na majani madogo yanayoota chini ya bwawa.

Fungu la pili ni wale ambao kwa maumbile yao wanakula wenzao: salmoni, jodari, na kwa sehemu yake kamba. Jodari wa bahari ya Mediterania wanakamatwa wakiwa hai, wanatiwa katika vizimba na kunenepeshwa kwa samaki wadogo. Ili jodari aongeze kilo 1 ya mwili, anapewa zaidi ya kilo 10 za samaki hao.

Salmoni ndiye mfano mkubwa. Porini anakula samaki wadogo na vikamba, na wekundu wa nyama yake unatokana na rangi iliyomo katika vikamba hivyo. Kizimbani anapewa punje kavu zilizotengenezwa kiwandani, na rangi hiyo inatiwa ndani ya punje. Asipopewa, nyama yake inakuwa nyeupe-nyeupe. Hata yale mafuta ya samaki ambayo waganga wanayasifu kwa moyo na akili, salmoni hayatengenezi kwa wingi mwenyewe. Yanaanza katika vijimea vya bahari na kupanda ngazi hadi kwake.

Punje hizo zinatengenezwa kwa nini? Mwaka 1990 katika nchi ya Norwe, sehemu 9 kati ya 10 za chakula cha salmoni zilitoka baharini: unga wa samaki na mafuta ya samaki. Kufika mwaka 2020 sehemu hiyo ilikuwa chini ya robo. Nyingine ilikuwa soya, mafuta ya mimea na nafaka. Hayo ni maendeleo, na mwenye haki asifiwe. Lakini tupige hesabu yote. Mwaka 1990 Norwe ilivuna salmoni kama tani laki 1 na nusu. Mwaka 2020 ilivuna karibu tani milioni 1.4. Sehemu ya samaki katika punje imepungua mara nne, lakini wafugwao wameongezeka mara tisa. Kwa jumla, samaki wanaosagwa kwa ajili yao hawakupungua.

Na unga huo unakula samaki wengi: kilo 4 hadi 5 za samaki wabichi zinatoa kilo 1 ya unga. Nchi inayotoa zaidi ni Peru, kwa samaki wake anchovi. Pale bahari inapopata joto lisilo la kawaida, anchovi wanatoweka. Ilikuwa hivyo mwaka 1972, na mwaka 2023 serikali ya Peru ilifuta msimu mzima wa kwanza wa uvuvi.

Jambo linalotugusa zaidi liko Afrika ya Magharibi, kwa ndugu zetu wa Moritania, Senegali na Gambia. Huko kuna samaki mdogo wa jamii ya sardini ambaye Senegali wanamwita yaboi. Ni kitoweo cha maskini. Wavuvi wa mitumbwi wanamleta pwani, akina mama wanamkausha na kumfukiza moshi, kisha anasafirishwa mpaka nchi za bara zisizo na bahari. Viwanda vya unga vilipoongezeka pwani ile, samaki huyo akaanza kuingia katika mashine. Ripoti ya mwaka 2021 ya mashirika ya Greenpeace Afrika na Changing Markets ilikadiria kwamba zaidi ya tani laki 5 za samaki kwa mwaka zinageuzwa unga na mafuta katika eneo lile, na kwamba samaki hao wangeweza kulisha watu milioni 33.

Mama aliyekuwa akinunua kikapu cha yaboi ili akaushe hawezi kushindana na bei ya kiwanda. Samaki hakupotea baharini tu. Amepita mbele ya mlango wa mwenye njaa, akaenda kumnenepesha samaki wa mwenye fedha.

4. JE, SAMAKI ALIYELISHWA HIVYO NI HALALI?

Asili ya mawindo ya bahari ni halali, na wanazuoni wanategemea aya ya 96 ya Suratul Maida. Mashaka yanatoka kwenye chakula anachopewa mfugo. Katika Umoja wa Ulaya, unga wa mabaki ya wanyama ulipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2001 kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe wazimu. Mwaka 2013 uliruhusiwa tena kwa samaki wanaofugwa, ukiwemo unga wa kuku na wa nguruwe. Kuruhusiwa na sheria si kusema kila mfugaji anautumia. Lakini ni haki ya Mwislamu kuuliza.

Fiqhi ina mlango wa jambo hili. Ni mlango wa jallala, yaani mnyama ambaye chakula chake kikubwa ni uchafu. Yapo mapokezi ya Ibn Umar ya kukatazwa kumla. Katika madhhab ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, kinachotazamwa ni kama harufu au ladha ya nyama imebadilika kwa uchafu ule. Ikibadilika, kauli yenye nguvu ni kwamba kumla ni makruh. Akilishwa kilicho safi hadi athari iondoke, makruh nayo inaondoka. Kwa kipimo hicho, samaki hawi haramu kwa kuwa tu katika punje zake mlikuwa na kitu najisi kidogo.

Lakini tutenganishe mlaji na mfugaji. Mwislamu anayefuga hana ruhusa ya kununua unga wa nguruwe na kusema, "Si mimi ninayeula." Kuuza na kununua najisi katika madhhab yetu hakusihi. Mwenye jambo lililomtatiza amwendee shehe wa msikiti wake.

5. SISI TUCHUKUE NINI?

Kwanza, tusidharau samaki mdogo. Ndagala na sambaza wanaliwa wazima, na mifupa yao laini inampa mtoto chokaa ya mifupa yake. Kwa hesabu ya ile ngazi, anayekula samaki mdogo anakula karibu na shina, na hasara ni ndogo.

Pili, wafugaji wetu wa kuku wanaochanganya unga wa ndagala watumie vichwa, matumbo na waliovunjika. Ndagala mzuri aende kwanza kwenye sahani ya mtoto. Tusifanye kwetu yale yanayowaliza ndugu zetu wa Senegali.

Tatu, vijana wanaotaka kuchimba mabwawa wachague samaki asiyekula wenzake. Tilapia anakua kwa pumba ya mpunga, majani na mchwa. Wengi wanauliza juu ya machicha ya shayiri yanayotoka kwenye viwanda vya bia. Machicha hayo yanachujwa kabla maji yake hayajatiwa hamira ya kuyachachusha, kwa hiyo yakiwa mabichi hayana kilevi. Yakikaa hadi yakachachuka yenyewe, hilo ni jambo jingine.

Nne, tuulize. Muuzaji akizoea kuulizwa samaki ametoka wapi na amelishwa nini, naye atamuuliza aliyemletea. Njia ya haki sokoni inaanza kwa mnunuzi asiyenyamaza.

Nyumbani tujadiliane na watoto: Katika kitoweo chetu cha juma hili, ni samaki gani aliyejilisha mwenyewe, na ni nani aliyelishwa? Je, kuna jirani aliyekosa ili sisi tupate?

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atuepushe na shibe inayotokana na njaa ya wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.

(Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako. Karatasi hii isitupwe chini.)