Shamba Nalo Lina Msiba Wake

Mdogo wangu wa Mamba, barua yako nimeisoma. Unasema mpunga umekaukia majarubani ndiyo kwanza unatoa masuke, na ukitaja hofu ya miaka ijayo unaambiwa, "Usituchurie." Sasa umenyamaza, usingizi hauji, na wewe na shemeji mnagombana kwa kitu kidogo tu.

Kwanza, pole. Pole ya msiba kabisa. Kwetu mtu akifa mkeka unatandikwa, watu wanakuja kukaa na wafiwa, rambirambi inachangwa. Heka mbili zikikauka unaambiwa, "Panda tena." Uchungu uliokosa matanga hauishi, unaishia kwenye pombe, au kwenye mgongo wa mtoto.

Na hujawehuka. Katavi tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Ukivurugika, hakuna wa pili wa kutufidia. Hewa ikizidi joto hubeba mvuke mwingi zaidi, ndiyo maana mvua ikija inamwagika kwa kishindo, na ikigoma ardhi inakauka upesi. Mwishoni mwa kiangazi, hapo hifadhini Katavi, viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope ya Mto Katuma, mgongo kwa mgongo.

Sasa fanya hivi. Siku ya kikoba, kabla sanduku halijafunguliwa, mwombe mwenyekiti nusu saa. Kila mmoja ataje kitu kimoja alichopoteza: mbegu, ndama, ada ya mtoto. Wengine wajibu pole, basi. "Mungu anajua" isubiri mtu amalize kusema. Wapimbwe na Wasukuma mkae pamoja, maana ukame hauulizi kabila.

Sharti moja: msitafute mchawi. Hofu isiyosemwa humwangukia mtu, mara mfugaji mgeni, mara bibi ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Kanda yetu ya magharibi imeshazika vikongwe wengi kwa tuhuma za namna hiyo. Joto la dunia limeletwa zaidi na viwanda, mitambo na magari ya nchi tajiri. Lakini Katuma haukaushwi na joto peke yake: maji yanakingwa huko juu kwa umwagiliaji, na miti inakatwa. Hayo ni ya kwetu. Yapelekeni mkutano wa kijiji.

Kikao kinachofuata, mwiteni bwana shamba awasomee utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, mchague mbegu pamoja, na mtenge mfuko wa aliyeharibikiwa.

Akiwepo aliyeacha kula, au anayesema heri afe, msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na atakayesema mnachuria, mjibuni kwa upole: msimu uliopita tulinyamaza wote, na mpunga ukakauka vilevile.