Mti wa mepo: jinsi ya kuutambua na kuupanda Njombe na Makambako



Juzi mzee mmoja wa Makambako aliniita nikaone miche kumi ya mepo, ule mti ambao jani lake lipo kwenye bendera ya Kanada. Nilipofika nikakuta ni likwidamba, mti mwingine kabisa. Hela imeshakwenda. Leo tujifunze ili yasikukute.

Kabla hujalipa, kagua haya:

1. Majani. Ya mepo hukaa mawili mawili, yakitazamana kwenye kitawi. Ya likwidamba hupishana, moja huku, moja kule. Umbo la jani lisikudanganye, maana yanafanana.
2. Harufu. Fikicha jani. La likwidamba linanukia, la mepo halina harufu hiyo.
3. Mbegu. Za mepo zimeungana mbili mbili, kila moja na bawa lake. Likwidamba ina tunda la duara lenye miiba.

Kuotesha

Mepo ya Kijapani ndiyo inayofaa bustani ndogo. Mbegu yake bila baridi haiamki. Loweka siku moja kwenye maji ya uvuguvugu, changanya na mchanga wenye unyevu kidogo, funga kwenye mfuko, weka kwenye friji (siyo friza!) miezi mitatu hadi minne. Ukianza Julai, Novemba unasia kitaluni, mvua nazo zinaanza. Ila ukitaka yenye majani mekundu ya uhakika, tafuta mche uliobebeshwa, kama tunavyofanya kwenye parachichi. Ukiagiza mbegu au miche nje ya nchi, anza na kibali cha TPHPA.

Kupanda

Udongo wetu wa Njombe wenye tindikali kiasi unaufaa, mradi maji yasituame. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, changanya udongo na mboji. Usifukie shingo ya mche. Weka matandazo, lakini yasiguse shina. Kiangazi mwagilia.

Makambako adui ni upepo: hukausha kingo za majani. Panda nyuma ya nyumba au ua, penye kivuli cha mchana. Njombe adui ni sakitu ya Juni na Julai, kwa hiyo miche michanga ifunike usiku.

Yule mzee nimemwambia asing'oe. Likwidamba nayo ni mti mzuri wa kivuli, ila aipande mbali na nyumba, maana inakuwa kubwa. Wewe kabla ya kununua, geuza kitawi kwanza uangalie majani.