Kumtwika Jirani Mzigo Wetu

Jioni moja nilisimama kituoni Mikocheni nikingoja basi. Karibu nami mama mmoja alimlalamikia mwenzake jinsi bei ya sukari ilivyopanda. Mwenzake akajibu mara: "Si hao Wahindi? Ndivyo walivyo wote." Mtoto wa miaka saba hivi alikuwa ameshika kanga ya mamaye, akisikiliza. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa usoni, lakini mtoto yule alikwisha pata somo. Yafaa sisi wazazi na walezi tulichunguze.

Kwanza, yule mama hakumtaja mfanya biashara yeyote aliyeficha sukari. Neno lake lilitoka katika uchungu wa kweli, yaani mfuko mtupu. Lakini sababu za bei ni nyingi, nazo ni ngumu kuzifahamu: mvua, viwanda, meli, ushuru, na walanguzi wa kila rangi. Sura ya mwenye duka, kinyume chake, yaonekana upesi. Moyo huchoka kutafuta sababu, ukaona afadhali upate mkosaji. Katika Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 16, twasoma habari za mbuzi aliyetwikwa makosa ya taifa zima, akapelekwa jangwani. Waisraeli walijua kwamba makosa yale ni yao wenyewe. Sisi hulisahau jambo hilo.

Pili, twapenda kujumlisha. Tukiibiwa na mtu wa kabila letu, twasema fulani ni mwizi. Tukiibiwa na mtu wa kabila jingine, twasema wao ni wezi. Na akitokea mwema kati yao, twasema huyu si kama wenzake, na hukumu yetu yabaki vilevile.

Tatu, twapendelea kundi letu hata pasipo ugomvi wowote. Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland ambaye jamaa zake wengi waliuawa na Wanazi, alikuwa mtaalamu wa elimu ya nafsi huko Uingereza. Mwaka 1970 alitoa habari za majaribio aliyoyafanya kwa wavulana wa shule mjini Bristol. Waligawanywa makundi mawili kwa sababu hafifu, kama vile picha walizozipenda, kisha wakaambiwa wawagawie wenzao fedha kidogo. Wengi waliwapendelea wa kundi lao. Tena mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo, mradi tu lizidi lile jingine.

Mambo haya matatu yakikutana na shida kubwa, watu hufa. Tauni ilipoenea Ulaya mwaka 1348, watu walisema kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Papa Klementi VI alikanusha, akionyesha kwamba Wayahudi nao walikufa kwa tauni ileile. Wakristo wengi hawakumsikia. Huko Strasbourg, mwezi wa Februari 1349, Wayahudi kwa mamia walichomwa moto. Baadaye tauni ikaingia mjini humo vilevile.

Na tusidhani kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin wa Uganda alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Mwezi uliofuata alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa simu ya maandishi, akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Maduka na viwanda vya waliofukuzwa viligawiwa askari na wapendwa wa serikali. Haikupita miaka mingi, sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu. Mbuzi alikwisha fukuzwa, na mzigo ukabaki.

Kwetu Tanganyika jaribu hilo lilikuja mapema. Mwezi wa Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, wajumbe wengine walitaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwapinga kwa ukali. Alisema wafuata njia ya Hitler, na kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali.

Je, mwenye duka mwovu asilaumiwe? Alaumiwe, tena ashtakiwe, kwa jina lake na kwa kosa lake. Haki hudai jina na ushahidi. Asemaye "wao wote" hajatafuta haki bado.

Tufanyeje basi? Mtaalamu wa Marekani, Gordon Allport, aliandika mwaka 1954 kwamba kuonana tu hakutoshi. Yafaa watu wakutane wakiwa sawa, wakifanya kazi moja kwa faida yao wote. Mikocheni twaonana kila siku, lakini mmoja yu nyuma ya meza ya duka na mwingine mbele yake. Mmoja yu ndani ya geti na mwingine alilinda. Watoto wetu na wacheze pamoja, wasome pamoja, wazibue mtaro wa mtaa pamoja.

Na nyumbani, neno "ndivyo walivyo" likitamkwa wakati wa chakula, baba au mama aulize kwa upole: "Nani hasa? Alifanya nini? Wewe ulimwona?" Maswali haya matatu hayamwaibishi mtu, na mtoto anayesikiliza atapata somo jingine. Mtoto yule wa kituoni hakuyasikia. Nami niliyekuwa karibu nilinyamaza mpaka basi likaja. Katika hilo, msomaji mpenzi, sikufanya vema.