Mjane na Jina Lake Katika Kikundi

Kazi ya matanga tunaijua: kuchanga, kupika, kukesha na waliofiwa. Baada ya hapo kila mtu hurudi shambani kwake. Katika somo hili tuangalie hasara nyingine ya mjane, ambayo siku ya mazishi haionekani.

Helena Znaniecka Lopata alizaliwa Poland mwaka wa 1925, akakimbilia Marekani wakati wa vita. Alisomea elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Chicago, ambako Herbert Blumer alikuwa akifundisha kwamba mtu hajijui akiwa peke yake. Hujijua kwa jinsi wengine wanavyomwita, wanavyomsalimu na kumtendea. Baadaye Lopata alifundisha Loyola, chuo cha Wajesuiti katika mji huo huo, na akawaendea wajane wa Chicago kuwauliza juu ya maisha yao. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1973.

Aliona nini? Mwanamke aliyefanya karibu kila kitu pamoja na mumewe, hata marafiki wakawa wa wote wawili, alitikisika zaidi. Mume amekwenda, na yule mtu aliyekuwa yeye amekwenda pia. Aliyekuwa na shughuli zake na dada na majirani alilia vilevile, lakini bado alijua yeye ni nani. Wengi walilalamika kwamba marafiki waliooana hawakuwaalika tena.

Chicago si kijijini kwetu, ni kweli. Lakini hebu tujiangalie. Mama alikuwa mweka hazina. Baada ya matanga anaitwa "bibi ya marehemu". Akiomba mkopo tunauliza ati nani atamsimamia, na hisa zenyewe ziliandikwa kwa jina la mzee. Akipita, tunanyamaza. Mwisho haji mkutanoni, nasi tunaandika faini.

Sisi tunaonelea cheo chake kisitolewe. Msaidizi ashike kitabu kwa muda tu, na katibu aandike hivyo kwenye kumbukumbu ili mtu asije akajisahau. Hisa alizolipa mwenyewe ziandikwe kwa jina lake sasa, akiwa na mume au hana, tusingoje msiba. Na tumuulize anapenda kuitwaje.

Jambo moja zaidi. Lopata alikuta wajane wengi wakimsifu marehemu kama mtakatifu. Alieleza kwamba sifa hizo humpa mjane heshima yake (mtu mwema hivyo ndiye aliyemchagua) na humsaidia kumwachilia mumewe polepole. Basi akisema mzee alikuwa mpole, tusimsahihishe, hata kama mzee tulimjua vizuri sana! Wala tusimwambie "jikaze". Tukae, tusikilize, tumtaje marehemu kwa jina.

Kwa mkutano ujao, fungueni rejista ya mahudhurio. Ni wajane wangapi walikuwa wakija na sasa hawaji? Waliacha mwezi gani baada ya mazishi, na kikundi kilikuwa kimewaambia nini? Nani atakwenda kwao wiki hii?