Mgonjwa wa Akili Gerezani

Ulizo: Mwenye wazimu aliyefungwa gerezani, je, ni mwovu kuliko wafungwa wengine?

Jibu: Sivyo. Ugonjwa si dhambi. Fimbo haimponyi, giza, njaa na kukosa usingizi humzidishia ugonjwa.

Ulizo: Nani walitutangulia kumhurumia?

Jibu: Mwaka 1815, mjini Gent, Ubelgiji, Padre Triest na Mabruda wa Upendo waliwafungulia minyororo wenye wazimu waliokuwa chini ya ngome. Mwaka 1994 Mabruda hao walianzisha kituo cha kuwatibu, Bukavu.

Ulizo: Sisi wa Obokote yatupasa nini?

Jibu: Ndugu yako akifungwa Kindu, na akili imemtoka, usimwonee haya. Mpelekee chakula; mweleze hakimu ugonjwa wake; omba mganga amtazame. Amwendeaye mfungwa amemwendea Kristu.